Fedha za korona kwa wafugaji wa Nebraska: kwa nini mwenye ng'ombe wengi alilipwa kidogo?

Swali la msomaji:

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Simanjiro, sasa naishi North Platte, Nebraska, naendesha lori la majani makavu ya mifugo. Mizigo mingi napeleka Cherry County. Juzi nimeonyeshwa orodha ya wafugaji waliolipwa na serikali ya Marekani wakati wa korona. Mmoja ninayempelekea majani ana ng'ombe mpaka macho yanachoka, lakini jumla yake ni dola 41,000 na ushee. Jirani yake, ambaye mazizi yake nayakuta matupu nusu ya mwaka, kapata zaidi ya 77,000. Yuko na mwingine mwenye 250,000 kamili, haikuzidi wala kupungua. Je, ulikuwa mkopo au bure? Nani aliwahesabu hao ng'ombe? Si wizi huu? Nauliza kwa uchungu kidogo, maana shemeji yangu alikuwa machinjioni mwaka huohuo, akaugua, na hakuna aliyemkumbuka.

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Nianze na neno wizi, maana naona ndilo linalokuwasha. Kwa takwimu ulizoniandikia, mimi sioni wizi, naona kalenda. Mwaka 2020 nilikaa na wafugaji wa upande huo tukijaza hizo fomu, na nikikupa viwango na tarehe zake utafika mwenyewe kwenye 41,000 na kwenye 77,000 bila kumsumbua mtu.

Kwanza ijue nchi unayopita na lori lako. Cherry County peke yake ni kubwa kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu wasiofika 5,500. Nafasi iliyobaki ni ya ng'ombe. Ni vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi, na ukithubutu kulima, upepo utaondoka na shamba lako. Kwa hiyo kazi kubwa ni moja: jike azae, ndama anyonye na kula nyasi, kisha Oktoba au Novemba ndama apelekwe mnadani. Wengi wanapata hundi moja kubwa kwa mwaka. Ndama yule hununuliwa na mtu wa pili, anayemkuza hadi uzito wa pauni 700 au 800. Huyo naye humuuzia wa tatu, mwenye zizi la kunenepesha, anayemlisha mahindi hadi afike pauni 1,400 na kuingia machinjioni. Wakumbuke watu hao watatu, maana orodha uliyoonyeshwa ina mmoja mmoja wa kila aina.

Korona ilipoingia, mlango uliobana ulikuwa wa machinjio. Aprili 2020 kiwanda cha JBS pale Greeley, Colorado, kilisimama. Mwanzoni mwa Mei kikasimama kile cha Tyson pale Dakota City, Nebraska. Makampuni manne tu ndiyo yanayochinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa Marekani, kwa hiyo milango michache ikifungwa, foleni inarudi hadi malishoni. Ng'ombe aliyekuwa na bei ya karibu dola 120 kwa kila pauni 100 mwezi Januari alishuka hadi karibu 95, na huku nyuma nyama madukani ikazidi kupanda. Wafugaji walikasirika kweli, na hasira yao ilikuwa na sababu.

Aprili 17, 2020, Waziri wa Kilimo Sonny Perdue alitangaza dola bilioni 19. Bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, na 3 za kununua chakula cha kugawa. Kila mtu aliuita mpango huo kwa herufi zake, CFAP. Maombi yalifunguliwa Mei 26, awamu ya pili ikaja Septemba 21, na mwaka 2021 zikaongezwa nyingine. Kwa jumla zilitoka zaidi ya dola bilioni 30.

Haukuwa mkopo. Hairudishwi, labda ukigundulika ulidanganya. Lakini usiite bure pia, maana ni kipato na kinatozwa kodi. Namkumbuka mmoja aliyepokea hundi Julai, akabadilisha magurudumu ya trekta yote manne na kukarabati ghala, halafu mwisho wa Februari akanipigia simu sauti imekauka, akiuliza kama kuna namna.

Sasa twende kwenye kalenda, na hapa naomba utulie, ndipo palipo na jibu lako.

Fedha za awamu ya kwanza zilitoka kwenye mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa sheria ya dharura iliyopitishwa na Bunge Machi 2020. Huo ulilipia hasara ya bei kwa mifugo iliyouzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15. Mwingine ulikuwa mfuko wa zamani wa Idara ya Kilimo, ambao kazi yake ni kusaidia soko. Huo ulilipia mifugo iliyokuwa bado mikononi mwa mwenyewe kati ya Aprili 16 na Mei 14. Mifuko miwili, masharti mawili, viwango viwili. Ndama wa chini ya pauni 600 aliyeuzwa alilipiwa dola 102. Aliyezidi pauni 600, dola 139. Aliyenenepeshwa tayari kwa kisu, dola 214. Na ambaye hakuuzwa? Dola 33. Awe ndama, jike, dume au yule wa pauni 1,400 aliyekwama zizini kwa sababu machinjio yamefungwa, ni 33 tu kwa kichwa.

Soma tena hapo. Ng'ombe aliyenona akiuzwa Aprili 15 analeta 214. Akilala zizini usiku mmoja akaamkia Aprili 16, analeta 33.

Na hata waliouza, hawakuuza kwa hasara sawa. Wa mwezi Januari aliuza bei ikiwa bado nzuri, korona ikiwa habari ya mbali ya China. Alilipwa sawasawa na aliyeuza wiki ya pili ya Aprili roho ikimtoka. Mimi hilo ndilo ninaloliona kasoro kuu ya mpango mzima, kuliko udanganyifu wowote. Walipima kwa tarehe ya mauzo, hawakupima maumivu.

Basi mchukue mteja wako wa majani. Siwajui ng'ombe wake, lakini tukadirie majike 300, madume 15 na ndama 270 waliokwisha kuzaliwa. Kati ya Januari na Aprili hakuuza hata mmoja, maana mnada wake ni wa vuli. Kwa hiyo wote 585 wanaingia kwenye 33, sawa na dola 19,305. Awamu ya pili ilitoa dola 55 kwa kichwa, lakini ikawaacha nje ng'ombe wa kuzalisha. Majike na madume wakatoka, wakabaki ndama 270, sawa na dola 14,850. Mwaka 2021 ikaja nyongeza ya awamu ya kwanza: dola 17.25 kwa kila jike na dume, na dola 7 kwa kila ndama, jumla kama dola 7,324. Jumlisha zote tatu. Unapata 41,479.

Jirani yake ni yule mtu wa pili. Hana majike. Ananunua, anakuza, anauza, na ndiyo maana unayakuta mazizi matupu nusu ya mwaka. Tuseme aliuza 400 wa pauni 750 tarehe 20 Januari. Mara 139, ni dola 55,600. Nyasi zilipoota akanunua 400 wengine, akawa nao kiangazi, na awamu ya pili ikawalipia 55 kila mmoja, sawa na 22,000. Jumla 77,600. Mtu huyo hakufanya kosa lolote, na pengine hata hasara hakuipata kubwa.

Mwenye 250,000 kamili ni wa tatu, wa zizi la kunenepesha. Ukiuza 1,500 kwa 214 unapata 321,000, lakini mtu mmoja alikuwa na kikomo cha dola 250,000 kwa awamu. Namba ikiwa mviringo namna hiyo kwenye orodha, ujue imegonga dari. Ukikutana na 500,000 au 750,000 kwa awamu moja usiruke pia. Kampuni yenye wanahisa wawili au watatu, kila mmoja akifanya kazi au kusimamia angalau saa 400, ilipewa dari lake kwa kila mwanahisa. Kulikuwa na sharti jingine la kipato, kwamba mwenye wastani wa zaidi ya dola 900,000 kwa mwaka hapati, ila kama robo tatu au zaidi inatoka shambani. Kwa wengi wa Cherry County sharti hilo halikuwa na meno, kwa sababu mfugaji mkubwa wa kule kwa kawaida kipato chake kinatoka kwa ng'ombe.

Ile nyongeza ya 2021 ina siri ndogo inayonifurahisha. Kwa ng'ombe aliyenenepeshwa aliyekuwa zizini ilikuwa dola 63. Chukua 214 ya aliyeuzwa, toa 33 aliyokwisha kulipiwa, toa 55 ya awamu ya pili. Inabaki 126, na nusu yake ni 63. Fanya hivyo kwa ndama mdogo: 102, toa 33, toa 55, inabaki 14, nusu yake 7. Yaani Bunge liliutazama ule mwanya wa usiku mmoja, likauziba nusu. Nusu nyingine imebaki wazi mpaka leo.

Umeuliza nani aliwahesabu. Jibu ni kwamba walihesabiwa na wenyewe.

Huko kwetu Simanjiro ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi atakujibu "wachache tu", na hapo nyuma yake vumbi limefunga anga. Nebraska ni vilevile. Kumuuliza mtu idadi ya ng'ombe wake ni kama kumuuliza ana shilingi ngapi benki. Kwa hiyo fikiria jinsi ilivyokuwa kwa mzee mmoja tuliyejaza naye fomu. Ofisi ya kaunti ya FSA, chombo cha Idara ya Kilimo kinachohudumia wakulima, ilikuwa imefungwa kwa wageni. Ulipiga simu, ukapewa miadi ya simu, na karatasi unaidumbukiza kwenye sanduku mlangoni. Yule mzee akatoa kidaftari cha mfukoni, kile wanachoandikia ndama wanapozaliwa, jalada limepinda kwa jasho, kurasa zina harufu ya iodini. Kila mstari una namba ya hereni ya jike, tarehe na neno moja: dume, jike, kafa. Kwenye tarehe moja ya Machi ameandika tu "theluji", kisha mistari mitano ya "kafa". Tukahesabu kwa kidole, mara mbili. Mara ya kwanza tulipishana kwa ndama wawili, kumbe walikuwa mapacha.

Fomu iliuliza idadi ya juu kabisa katika siku yoyote kati ya Aprili 16 na Mei 14. Siku unachagua mwenyewe. Kwa mtu ambaye ng'ombe wake wanazaa Machi na Aprili, siku nzuri ni Mei 14, ndama wote wamekwisha kutua. Lakini wako wafugaji wa vilima vya mchanga waliosogeza msimu wa kuzaa hadi mwisho wa Mei, ili jike azae nyasi zikiwa mbichi na baridi imekwisha. Ni ufugaji wa akili, unaookoa majani mengi makavu (samahani, najua ndiyo riziki yako). Hao Mei 14 ndama walikuwa bado tumboni, na serikali haikulipia mimba. Ilibidi wangoje awamu ya pili, ambayo siku zake za kuhesabia ng'ombe zilikwenda hadi Agosti 31.

Baada ya sahihi, fomu ilikwenda kwa kamati ya kaunti. Kamati hizo huchaguliwa na wakulima wenyewe kwa kura, wajumbe wanakaa miaka mitatu. Mahali pa watu 5,500, mjumbe anajua malisho yako yanabeba ng'ombe wangapi, anajua ulikodisha wapi na nani alikukopesha. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya uongo mkubwa. Kwa uongo mdogo haisaidii, na jirani na jirani wana aibu zao. Mwombaji alitakiwa kutunza ushahidi wake miaka mitatu, yaani risiti za mnada, kumbukumbu za chanjo, karatasi za benki, na wachache waliitwa kuuonyesha. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, ilipopitia mpango huu mwaka 2022 ilitaka ukaguzi uwe mkali zaidi. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba kila jina kwenye orodha ni safi. Ninachosema ni kwamba tofauti iliyokushtua haihitaji uongo wa mtu yeyote ili itokee.

Kuhusu orodha yenyewe kuwa hadharani, hiyo ni sheria. Majina ya wanaolipwa na kiasi chake vinaweza kutolewa, ila taarifa za shamba na mifugo wanazojaza kwenye fomu zimelindwa. Ndiyo maana unaona hundi lakini huoni ng'ombe waliozaa hundi hiyo, na mtu akikosa hesabu hujaza pengo kwa dhana. Usiende nayo kwa mteja wako. Utapoteza mzigo na urafiki kwa siku moja.

Jambo dogo la kuongeza: ukikuta dola 20,833 kwenye orodha nyingine ya mwaka 2021, hiyo siyo CFAP. Ni mkopo wa kusamehewa wa biashara ndogo. Mwanzoni mfugaji aliyefanya kazi peke yake alipimwa kwa faida, na wengi kwenye karatasi za kodi hawaonyeshi faida. Desemba 2020 sheria ikabadilishwa wapimwe kwa mapato ghafi, mwisho dola 100,000, na miezi miwili na nusu ya hiyo ndiyo 20,833.

Na kwa wasomaji wengine wenye bustani, maana najua Wakongo na Warundi wengi wanaolima mboga za kuuza kwenye masoko ya wakulima huko Marekani: awamu ya pili haikuwaacha. Mboga zililipiwa kwa asilimia ya mauzo ya 2019, na wadogo ndio walipewa asilimia kubwa zaidi, 10.6. Aliyeuza za dola 6,000 alistahili 636. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hakufungiwa mlango. Kilichowaangusha wengi ni kwamba hawakuwahi kuingia ofisi ile ya kaunti hata siku moja, hawana namba ya shamba kwenye kumbukumbu zake, na walisikia habari dirisha limekwisha kufungwa. Lilifunguliwa tena mwaka 2021, likafungwa Oktoba 12. Mwenye bustani anayesoma hapa aende ajiandikishe tu, hata kama hakuna malipo yoyote yaliyotangazwa. Haigharimu kitu.

Nimemwacha shemeji yako mwisho, si kwa dharau. CFAP ilikuwa ya mwenye mifugo au mazao, mtu anayebeba hasara ya bei. Anayemkata huyo ng'ombe akiwa amening'inizwa kwenye mnyororo wa machinjioni hakuwamo, hata kama ni yeye aliyeugua hadi kiwanda kikafungwa na bei ikaanguka. Miongoni mwa waliofanya kazi kwenye kile kiwanda cha Greeley walikuwamo wakimbizi wa Afrika Mashariki. Zaidi ya hundi walizopewa wananchi kwa jumla, Idara ya Kilimo ilitangaza Septemba 2021 ruzuku ya wafanyakazi wa mashamba, machinjio na maduka ya vyakula. Mfugaji alilipwa moja kwa moja benki. Hizi zilipitia vyama vya wafanyakazi na mashirika ya jamii, na zilianza kuwafikia watu zaidi ya mwaka mzima baada ya tangazo. Muulize kama chama chake kiliwahi kumtumia barua, maana wengi waliitupa wakidhani ni utapeli. Ilikuwa dola 600, mara moja tu. Kwa kiwango cha Aprili 2020, hiyo ni sawa na ng'ombe 18 waliosimama zizini bila kuuzwa.